Viti vya Kilio na Chuo Kikuu Chetu

Mgeni akifika Kolwezi na kuuliza chuo kikuu cha serikali kilianzia wapi, watamwonyesha lango kubwa lenye rangi, jumba la ghorofa, na ubao wenye majina ya vitivo. Ni sawa, aangalie. Lakini mimi nikiwepo hapo nitamwambia asikilize kidogo, maana lango lile limejengwa nikiwa tayari na mvi, na chuo kilikuwa kimeshaanza. Kilianza juu ya viti vyangu. Viti vyeupe vya plastiki, vile ambavyo watu hukalia kwenye kilio, mtu anapokufa.

Mimi ni mkodishaji wa viti. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa msingi, na sioni haya kulisema, kwa kuwa kila kitu nilicho nacho sikupewa na mtu. Baba yangu alitoka Kasongo akiuza vitambaa, Mwislamu wa Maniema, akafia hapa kabla sijaota ndevu. Nikasukuma baiskeli ya makaa kutoka porini miaka sita: magunia matatu juu ya baiskeli moja, unaisukuma kwa bega, na siku ya mvua kwenye mteremko inakusukuma yenyewe. Nikaacha makaa, nikanunua viti kumi na viwili mpakani Kasumbalesa. Kumi na viwili vikazaa hamsini, hamsini vikazaa turubai, turubai zikazaa viti mia mbili na Fuso moja iliyochoka. Wenzangu wa msikitini walinicheka: "Sisi tunalia juu ya mkeka na tunazika siku ileile. Wewe unakula kwa kilio cha Wakristo." Niliwajibu kwamba Wakristo wanakaa siku tatu, wanakaa wengi, na matako hayana dini.

Wakati huo mtoto wa Kolwezi aliyemaliza sekondari alikuwa na njia moja tu, Lubumbashi. Awe wa hapa mjini, awe wa Dilolo, awe wa Kisenge kwenye migodi ya manganizi, lazima afunge begi, atafute ndugu wa kumlaza kule, ale kwa mwenye nyumba huku akihesabiwa vipande vya samaki. Watoto wa wakubwa wa migodi walikwenda. Wetu wengi walibaki. Binti yangu wa kwanza alipata diploma ya Etat, cheti cha serikali cha kumaliza sekondari. Tukammwagia unga kichwani kama ilivyo desturi, mtaa mzima ukapiga kelele, na kesho yake akaniuliza atasafiri lini. Nikamwambia hatasafiri. Sikumpa sababu, kwa kuwa nilikuwa nayo moja tu, nayo ilikuwa woga. Aliolewa, ana maisha yake, anauza unga Mutoshi na anauza vizuri. Lakini nilikosea. Nimeandika hapa ili niliseme mimi mwenyewe, wasije wakalisema majirani.

Kisha chuo mama cha Lubumbashi kikafungua tawi hapa. Tawi, si chuo. Walipewa ukumbi wa zamani ambamo wafanyakazi wa migodi walikuwa wakicheza dansi na kutazama sinema siku za Jumapili: kuta nzuri, mabati mazima, sakafu ya saruji, na ndani hakuna hata kigoda. Msimamizi wa tawi, bwana mwembamba mwenye miwani na viatu vilivyopauka kwa vumbi, alikuja uani kwangu asubuhi moja nikiwa naosha viti.

"Ninahitaji viti mia moja na themanini," akasema.

"Pole sana, tata. Nani alikufa?"

"Hakuna mwenye kufa."

"Basi ni ndoa."

"Ndoa pia hapana. Ni masomo."

"Masomo ya siku ngapi?"

"Miaka mitatu ya kwanza," akasema. "Halafu tutaona."

Nilikaa juu ya kiti kilicholowa bila kujali suruali. Katika kazi yangu kilio kirefu kabisa nilichowahi kuona kilikuwa cha siku tisa. Nilikubali, lakini kwa sharti moja. Kilio kikitokea, viti vinakwenda kwenye kilio kwanza, na siku hizo wanafunzi watakaa chini au watasimama. Maiti hanyimwi kiti. Hiyo ndiyo sheria ya kazi hii katika mji huu, hakuna aliyeiandika. Ukiivunja mara moja, hakuna nyumba itakayokuita tena, na utakuwa umestahili. Msimamizi alisafisha miwani yake, akasema ameelewa. Nadhani hakuelewa bado.

Siku ya kwanza ya masomo ukumbi ulikuwa na joto kama tanuru la matofali, kwa hiyo nikawafungia turubai uani na kupanga viti chini yake. Hapo ndipo tulipokosea. Katika mji huu, mtu akiona turubai, viti vyeupe, na watu waliokaa kimya wakimtazama mmoja aliyesimama mbele, hana haja ya kuuliza. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuandika ubaoni, wakaingia akina mama sita kutoka barabarani, vitenge vimefungwa kiunoni, mmoja ameshavua viatu na ameanza kulia. Wanafunzi walinyamaza kwa mshangao, na ule unyamavu ukawafanya akina mama walie zaidi.

"Mwenye kufa ni nani?" mmoja akamwuliza msichana wa mstari wa mbele kwa sauti ya chini.

"Mama, hapa kunasomwa."

"Kunasomwa nini? Misa?"

"Kemia, mama."

Yule mama akamgeukia mwenzake. "Unaona? Machozi yetu tulimwaga bure. Na mi nilikuwa nimeacha nyama ku moto."

Mwalimu alicheka mpaka chaki ikamwanguka, akawaambia wakae wapumzike. Watano wakaenda zao. Mmoja alibaki hadi mwisho wa somo, mikono mapajani, akisikiliza kwa adabu kabisa. Alipotoka nilimwuliza ameonaje. Akasema yule bwana anajua kusema, ila tangu mwanzo hadi mwisho hakutaja jina la marehemu.

Ndivyo tulivyoanza. Walimu walikuja kutoka Lubumbashi mmoja mmoja, kwa ile barabara ya malori ya shaba, wakafundisha kozi nzima kwa wiki mbili, asubuhi hadi jioni, kisha wakarudi na mwingine akafika. Wanafunzi walikula masomo kama abiria anayekula gari likiwa limewashwa. Kilio kilipotokea nilikuja na Fuso, wakasimama, nikapakia, wakaendelea wakiwa wima, daftari juu ya mgongo wa mwenzao. Hakuna aliyenitukana. Mmoja tu, mcheshi, aliniuliza kama ninaweza kuwaombea watu wa mji wawe na afya wakati wa mitihani.

Binti yangu wa mwisho ndiye aliyekuwa akienda jioni kuhakikisha viti vyote vipo. Akaanza kwenda alasiri. Kisha akawa anaondoka nyumbani tukimaliza tu chai ya asubuhi. Nikadhani kuna mvulana. Siku moja msimamizi akaniambia kwamba binti yangu anajibu maswali darasani. Nikamngoja nyumbani.

"Unajibu maswali ya nani?"

"Ya udongo, tata."

"Udongo uko na maswali?"

"Udongo ya Kolwezi iko na maswali mingi. Juu ya nini mahindi inakauka karibu na migodi, na ile ya nyuma ya kilima inaota muzuri? Watu banasema ni uchawi. Hapana uchawi. Ni kitu ya kupima."

"Na nani alikupa ruhusa ya kuingia?"

"Niliandikisha jina tayari," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Mimi ni mtu wa kusema. Siku hiyo nilichukua kitambaa nikaenda kufuta viti.

Mwaka wa tatu ulipofika katikati, msimamizi alituita wazazi. Hakuzunguka. Serikali inatuma tume kutoka Kinshasa, akasema. Tume itaangalia kama tawi hili linaweza kusimama peke yake, liwe chuo kikuu kamili cha serikali cha mji wetu. Likionekana haliwezi, litafungwa, na wanafunzi watahamishiwa Lubumbashi. Hakuongeza kwamba watakaohama ni wale wenye uwezo. Hakukuwa na haja, tulijuana. Baba mmoja fundi viatu alitazama mikono yake muda wote. Mimi uwezo nilikuwa nao. Lakini nilijijua pia: begi la binti likifungwa mara ya pili, ule woga ungerudi kuketi mlangoni kwangu, na sikuwa na hakika kwamba ningeushinda.

"Watafika Jumamosi," msimamizi akasema. "Wataingia darasani wakati somo linaendelea. Kila mwanafunzi awe amekaa." Akanitazama mimi, si wazazi. "Tume ikikuta wanafunzi wamesimama, itaandika kwamba hapa hakuna chuo."

Nikamwambia viti vipo. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Alhamisi akafa mzee mmoja wa mtaa wetu, fundi umeme wa migodi aliyestaafu, Mkatoliki, mtu wa watu. Kabla ya jua kuzama viti vyangu vyote mia mbili vilikuwa kwao. Mazishi yakapangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Nikawatafuta wakodishaji wenzangu wawili. Wa kwanza alikuwa amepeleka vyake vyote kwenye ndoa Kingamyambo. Wa pili vyake vilikuwa Lubudi, na gari lake lilikuwa limevunjika ekseli hukohuko.

Ijumaa asubuhi binti yangu alisimama mbele yangu.

"Tata, na kesho?"

"Maiti hanyimwi kiti."

"Najua. Na sisi tuko nini?"

"Muko bazima. Mutu muzima anaweza kusimama."

Hakulia. Alikwenda jikoni akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Nilisikia kila moja.

Nikakaa nikafikiri. Kazi inakufundisha mambo ambayo hayamo darasani, na mimi ninajua kilio kama fundi anavyojua injini. Najua saa wanayokuja wengi, saa wanayochoka, saa wanayogombana. Na najua kwamba maiti anapoondoka kwenda makaburini, kila mtu anaondoka naye. Wanabaki akina mama wa kupika, na hao hawakai. Tangu jeneza litoke hadi watu warudi, wanawe mikono langoni na kutafuta pa kukaa, viti vinashinda bure saa mbili na nusu, saa nyingine tatu. Kutoka nyumba ya kilio hadi ukumbi wa tawi ni kama kilometa moja.

Ilionekana rahisi, lakini haikuwa. Kiti kinachotoka kwenye kilio kabla ya wakati kinasema jambo. Watu wakiona mwenye viti anavichukua, watasema familia imegombana naye, au marehemu hakuheshimiwa. Kuna nyumba moja Mutoshi iliyopatwa na hayo zamani, na mpaka leo wanaitwa nyumba ya waliosimama. Kwa hiyo nisingeweza kugusa kiti hata kimoja bila ruhusa ya mjane, na ruhusa yenyewe isikike.

Nilimkuta amekaa chini juu ya godoro, wanawake wamemzunguka. Alikuwa mama wa Kiluba kutoka Katanga ya kaskazini, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kweli aliiongoza, parokiani kwao. Nikavua kofia.

"Mama, pole. Nimekuja na neno baya."

"Neno mubaya ilikuya jana," akasema. "Hii yako ni ya pili. Sema."

Nikamweleza tume, ukumbi, saa za mazishi, viti vitakavyokuwa bure. Shemeji yake akasonya. "Anatafuta kutuhaibisha mbele ya mutaa."

Mjane hakumjali.

"Muzee wa biti," akasema; katika Kiswahili cha hapa kwetu viti ni biti. "Ule mutoto yako wa kwanza, wakati alipata diploma, nani alimukataza kwenda ku masomo?"

"Ni mimi."

"Na leo unakuya mbele ya maiti yangu kuomba juu ya masomo."

"Ndiyo, mama. Ni mimi yuleyule."

Mwanamke mmoja alicheka ndani ya kitenge chake. Mjane alishusha pumzi.

"Bwana yangu alijua moto ya umeme kuliko bazungu ya kompani," akasema. "Lakini barua ya kazi ikifika, alikuwa anapeleka kwa jirani amusomee. Akirudi, siku mbili hasemi na mutu. Hakupenda mutu mwengine ajue mambo yake mbele ya yeye kujua." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Biti bitatoka. Lakini usikilize muzuri. Camion yako itabeba batu ku makaburi, vile tulipatana. Batoto ya iniversite bakuye bao benyewe. Basalimie bwana yangu kwanza. Kisha kila mutu abebe kiti yake ku kichwa, bapite mu barabara kubwa, batu baone ni mi nilitoa. Na mutu wa kwanza mwenye kurudi toka makaburi akute kiti inamungoja. Akisimama, hata kidogo tu, jina yako ntaitia mu kwaya."

"Mu kwaya, mama?"

"Tutaiimba. Iko na silabi muzuri."

Jumamosi walikuja wote, nguo za kufaa, viatu vimepigwa rangi. Walipita mbele ya jeneza mmoja mmoja. Wengine walifanya ishara ya msalaba. Binti yangu alifungua viganja akasoma Fatiha yake kwa midomo. Mjane aliwatazama wote hadi wa mwisho, ndipo akaruhusu jeneza litoke. Fuso ikaondoka na watu na kwaya. Dereva wangu nilimwagiza jambo moja, anipigie simu wakianza kurudi. Kisha kila mwanafunzi akainua kiti, akakigeuza, akakiweka kichwani, miguu minne juu kama pembe, na tukaingia barabarani. Mimi nilikuwa nyuma.

Mwenye pikipiki alipunguza mwendo kando yetu.

"Hii kilio inahama? Maiti alikataa nyumba?"

"Tunaenda kusoma, kaka," akajibu mvulana mmoja chini ya kiti chake.

"Na biti ya kilio?"

"Hatuna ingine."

Yule bwana alifikiri kidogo. "Basi usome kweli. Maiti mwenyewe anakuangalia." Akatia moto akaenda.

Tume ilikuwa watu watatu. Mkubwa wao alikuwa mama mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, daftari jeusi mkononi. Waliingia saa tano, wakawakuta wanafunzi wamekaa mistari iliyonyooka, nao wakapewa viti pembeni mbele. Mwalimu alikuwa akifundisha jinsi maji ya mvua yanavyopita katika udongo wenye shaba, yanabeba nini na yanaacha nini. Nilisimama kwenye mlango wa nyuma. Mengi yalinipita. Lakini yule mama aliandika, akatazama wanafunzi, akaandika tena, na msimamizi alianza kupumua kama mtu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa saa tano na nusu. Nilitoka nje kidogo nikapokea.

"Muzee," dereva akasema, "padri amekata maombi. Mvua inakuya toka upande ya Dilolo, nyeusi. Batu banapanda gari."

Mimi ninayejua kilio kama injini nilikuwa nimesahau mvua.

Ningeweza kuitia simu mfukoni na kukaa kimya. Nusu saa tu, tume ingemaliza. Mjane angeniimba, ningeaibika miaka miwili au mitatu, na tawi lingepona. Sitadanganya, wazo hilo nilikaa nalo muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Nikaingia ndani. Binti yangu alikuwa mstari wa tatu. Aligeuka, akauona uso wangu, na akajua. Hakutikisa kichwa kunikataza, wala kuniruhusu. Alifunga daftari lake tu.

"Mwalimu, unisamehe," nikasema kwa sauti ya uani kwangu. "Viti vinarudi."

Ukumbi uligeuka. Yule mama wa tume akauliza kwa Kifaransa huyu ni nani na anataka nini. Msimamizi alisimama akaanza Kifaransa kirefu, kirefu sana, na nilimwona kabisa akitafuta pa kunificha. Nikamkatiza. Sikuwa na Kifaransa cha kutosha, nikatumia Kiswahili.

"Mama, hivi viti ni vyangu, lakini leo si vya chuo. Ni vya mtu aliyekufa. Mjane wake alituazima wakati anamzika bwana yake. Sasa watu wanarudi, na nilimpa neno langu. Hapa hakuna viti vingine. Hilo ndilo tulitaka msilione, na sasa mmeliona. Mengine yote mliyoona ni ya kweli."

Yule mama alivua miwani. Akanijibu kwa Kiswahili, tena cha Kalemie, kule ziwani, kimenyooka.

"Na hiki nilichokalia mimi?"

"Hicho pia, mama."

Akasimama. Wenzake wawili wakasimama. Akakishika kiti kwa mgongo wake, akampa msichana aliyekuwa karibu.

"Watarudi?" akaniuliza.

"Watarudi."

"Basi tutawangoja hapahapa."

Wanafunzi walitoka mbio, viti vichwani. Tukabaki katika ukumbi mtupu: tume, mwalimu na chaki yake, msimamizi, na mimi. Mvua ikafika juu ya mabati. Mama wa tume aliniuliza niliacha shule darasa gani. Nikamwambia la tatu. Akauliza nafanya nini katika darasa la chuo kikuu. Nikamwambia nalinda viti. Hakucheka. Alitembea ukutani akisoma ratiba ya masomo, mstari kwa mstari, mikono nyuma.

Nikaanza kupiga hesabu zangu mbaya. Ni Jumamosi. Mvua inapiga. Mtu akishalowa ana sababu nzuri ya kwenda nyumbani, na hakuna atakayemlaumu. Wakirudi nusu, nikajisemea, itakuwa vizuri. Kisha nikaona si vizuri. Nusu ingeandikwa kwenye lile daftari jeusi.

Wa kwanza walikuwa wavulana wawili, maji yanawatiririka. Wakatazama huku na huku, hakuna kiti, wakakaa chini kwenye saruji. Wakafuata wanne. Kisha kundi. Kisha mlango ukawa hauna nafasi. Binti yangu aliingia karibu na mwisho, viatu mkononi. Aliponipita akasema kwa sauti ndogo, "Wa kwanza alikuwa ananawa mikono wakati tuliweka kiti ya mwisho."

"Na mama alisema nini?"

"Hataimba."

Yule mama wa tume akamwomba msimamizi asome orodha. Akasoma majina yote, polepole, na kila jina likaitikiwa kutoka sakafuni. Moja tu likakosa jibu. Msimamizi akalirudia. Mwanafunzi mmoja akasema, "Anakuya. Aliumia muguu." Tukangoja. Akaingia akichechemea, ameshika ukuta, na ukumbi mzima ukampigia makofi hata akaona haya.

"Tulikuwa tumefika wapi?" mwalimu akauliza.

"Ku maji inayobaki chini," wakamjibu.

Akageukia ubao. Tume ilisikiliza somo lote lililobaki ikiwa imesimama.

Jibu lilichukua wiki nyingi. Tulilisikia kwenye redio ya mji, asubuhi, kati ya tangazo la sabuni na salamu za wasikilizaji: tawi limekuwa chuo kikuu cha serikali, chenye mkuu wake, mhuri wake, na wanafunzi wake ambao hawahami. Nilikuwa naosha viti. Nikaviacha na povu lake, nikaenda kumtafuta binti yangu, naye alikuwa ameshasikia na ameshaondoka kwenda darasani. Kitu cha kwanza ambacho chuo kilinunua kilikuwa madawati ya mbao, yaliyotengenezwa na maseremala wa hapahapa. Nikapoteza mteja bora kuliko wote niliowahi kuwa naye.

Leo wanasoma sheria, udaktari, kilimo, uchumi, madini na mengine ambayo majina yake yananishinda. Wako watoto wa wachimbaji, wa makarani, wa akina mama wa sokoni. Mwaka jana nilimwona yule fundi viatu kwenye sherehe ya waliomaliza, amevaa suti iliyomzidi, anaonyesha watu mtoto wake kwa kidole kana kwamba hawamwoni. Binti yangu alitetea kazi yake ya mwisho mbele ya maprofesa watano. Nilikaa mbele kabisa. Walimwuliza, akajibu, wakamwuliza tena, akawarudisha nyuma, na mmoja wao akainua mikono. Sasa ni msaidizi wa profesa. Anawachukua vijana hadi mashamba ya karibu na Kingamyambo wakachimbe udongo wa kupima, na wakulima, ambao zamani walikuwa wakimtafuta mganga, wanamngoja yeye.

Sitakipamba chuo. Maktaba ni ndogo. Umeme unakatika, katika mji ambao shaba yake inapeleka umeme dunia nzima. Njia ya kuingilia inakuwa tope. Na mabweni hayatoshi. Mzazi wa Kisenge au Dilolo anayemleta binti bado anazunguka mjini akiuliza nani atamlaza.

Hilo la mwisho nimelichukua mimi. Nyuma ya uwanja wangu nimejenga vyumba sita vya wasichana, na jiko, na choo cha kufunga kwa ndani. Mwezi uliopita baba mmoja alinipigia kutoka Kisenge, simu inakatika kila dakika.

"Tata, mi simujui mutu Kolwezi. Binti yangu atakuwa namna gani huko?"

"Umulete wewe mwenyewe," nikamwambia. "Ulale hapa siku tatu. Uende naye mpaka darasani, ukae nyuma uangalie. Kisha utarudi kwako umetulia."

"Nikae darasani? Mi sikusoma."

"Mi nilikaa. Hakuna mwenye kukufukuza."

Anakuja naye mwezi ujao, chuo kikifunguliwa. Vyumba vinne vimeezekwa tayari. Viwili vinangoja mabati, na fundi ameniahidi Jumatatu.